Hodi ya Nne

Nasieli Mwanja aliliweka pafu la mama mkwe wake juu ya meza yangu, akalisukuma mpaka likagonga kikombe changu cha chai.

"Mhandisi, hili limeniulia mtu," alisema. "Nataka uniambie kwa nini halikulia."

Mimi sina subira, na asubuhi ile nilikuwa na sababu. Upepo ulikuwa umeanza kunyanyua chumvi kule ziwani, na kila upepo ukianza watu hunijia na mapafu yao. Ukiyafungua unakuta mtu hakuchaji betri, au mtoto amechokonoa kichujio kwa kijiti. Nilishaandaa maneno ya kumfokea. Kisha nikaona kitambaa cheusi alichojifunga kichwani, nikayameza.

"Pole sana, dada. Alikuwa na nani?"

"Na mimi! Chumba hichohicho, nashona. Yeye yuko kitandani ananisimanga kama kawaida yake, ati pindo langu limekwenda upande. Kisha akanyamaza. Nikasema afadhali, amesinzia, nipumzike na mdomo wake. Namaliza pindo, nageuka, mtu ameshapoa." Alishika mpira mweusi uliokuwa ubavuni mwa pafu. "Si huu hapa mpira? Si ndio tunaubinya tukibadilisha betri? Ningejua ningeubinya mpaka mikono iniote sugu. Lakini dude lako halikusema hata chwi."

Nilichomeka waya nikaanza kulisoma.

Tangu Ziwa Msuha likauke na chumvi yake ituingie vifuani, nusu ya mji huu haipumui yenyewe. Inapumuliwa. Pafu ni boksi jepesi la kufunga kifuani: injini ndogo, kichujio, mpira wa kubinya kwa mkono, na king'ora cha kuonya betri ikikaribia kuisha. Akili halina. Walioyatengeneza waliyafanya hivyo ili yatutoshe, akili yote wakaiweka mahali pamoja, kwenye mashine iliyo nyuma ya ukuta wa ofisi yangu, nasi tunaiita Kiini. Hewa ikibadilika, pafu halijui lisukume kwa nguvu gani, kwa hiyo linakiita Kiini kwa redio. Vitabuni wito huo unaitwa katizo, kwa kuwa unakikatiza Kiini katika kazi kilichonayo. Sisi kituoni tunauita hodi. Pafu linapiga hodi, Kiini kinaacha kilichoko mkononi, kinapiga hesabu, kinalijibu, kinarudi kwenye shughuli zake. Programu inayosimama katikati yao, kama bawabu wa mlangoni, ndiyo kiendeshi. Mimi ndiye ninayeviangalia viendeshi.

Pafu lile lilikuwa zima kabisa. Lilipiga hodi, halikujibiwa. Likapiga ya pili, kimya. Likapiga ya tatu, kimya. Chini yake kulikuwa na maneno haya: ombi limeondolewa na mwombaji. Baada ya hapo liliendelea kusukuma kwa nguvu zilezile za mwanzo, huku chumvi ikizidi hewani, kila pumzi ikawa ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka pakawa hapana pumzi.

"Linasemaje?" Nasieli aliuliza.

"Lilipiga hodi mara tatu, likaondoka."

"Likaondoka kwenda wapi? Si lilikuwa kifuani mwake?"

Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuifungua sehemu ile ya kiendeshi. Ilikuwa inafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hukichokonoi. Ripoti zetu za kila wiki zilisema hodi zilizoshindikana ni sifuri. Bila shaka zilikuwa sifuri. Aliyeondoka mwenyewe hahesabiwi kuwa amefukuzwa.

"Na Kiini kilikuwa wapi?" alisema. "Kimelala?"

"Kilikuwa na kazi. Kinahudumia mmoja mmoja, dada. Kwa hiyo tumewapa watu madaraja. La kwanza ni mashine yenyewe, umeme na moto. La pili ni watoto. La tatu ni watu wazima. La nne wazee. Kikiwa na mtu wa daraja la juu, milango ya chini yake inazibwa mpaka amalize. Siku ya upepo watoto wanapumua haraka, wanapiga hodi mfululizo, basi..."

"Mama alikuwa la nne."

"La nne."

"Na wanangu la pili." Alikuwa na watoto wawili wenye mapafu, nilikuwa nawafahamu. "Kwa hiyo wanangu ndio waliomzibia bibi yao mlango."

"Sijasema hivyo."

"Umesema," alinijibu. Alilichukua pafu lake, akalifunga kwenye kanga, akatoka bila kuniaga.

*

Kiendeshi kile kiliandikwa na Mwalimu Mughwai. Ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyekianzisha kituo, na baada ya kustaafu alijifungia kwenye nyumba yake ya tofali karibu na soko la zamani. Mke alishatangulia, watoto waliondoka Msuha kabla barabara haijafungwa. Yeye mwenyewe alikuwa anavaa pafu, daraja la nne.

Nilipofika nilimkuta jirani yake, Bi Matalanga, amesimama mlangoni na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Bibi huyu alikuwa anaishi peke yake nyumba ya pili, ukuta mmoja na Mwalimu, na alikuwa na mdomo.

"Hodi ya pili hiyo, Mughwai!" alipaza sauti. "Ikifika ya tatu naondoka na uji wangu, ukaule ukuta!"

"Shikamoo, bibi. Si uingie tu? Mlango uko wazi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niingie kwa mwanamume bila kujibiwa, mimi nimelelewa na mbuzi? Hodi ya tatu, Mughwai!"

"Karibu, karibu, mama wee," Mwalimu aliitika kutoka ndani. "Utaniaibisha mtaa mzima."

Aliupokea uji, wakataniana kidogo, bibi akaenda zake huku pafu lake likimvumia kifuani. Mwalimu aliniangalia usoni, tabasamu likamtoka.

"Umekuja na sura ya msiba."

"Kwa nini ya tatu, Mwalimu?"

Hakuniuliza nazungumzia nini. Alikaa kitandani, akaweka bakuli sakafuni.

"Wewe umelelewa wapi?" alisema. "Ukipiga hodi mara tatu hukujibiwa, unafanyaje? Unarudi kwenu. Mwenye nyumba ana lake. Nilipokuwa naandika nilihitaji kikomo, na hicho ndicho kilichonijia mkononi."

"Watu wanakufa kwa adabu yako."

"Walikuwa wanakufa kwa kukosa adabu. Wewe ulikuwa bado shule. Mwanzo sikuweka kikomo. Asiyejibiwa alirudia, akarudia, na kila anayerudia lazima Kiini kigeuke, japo kumwambia subiri. Upepo ulipokuja Kiini kilishinda mlangoni. Kinafungua, kinafunga, kinafungua. Hakikumhudumia mtu. Tulizika watoto, Loema. Tulizika mpaka mbao zikaisha."

Nilimwambia basi tugawe kazi. Mlangoni Kiini kiseme karibu tu, kimkalishe mgeni sebuleni, hesabu zipigwe baadaye mlango ukiwa huru. Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, pafu likanguruma kumfuata.

"Nilishafanya, ndiyo maana tuko hai mpaka leo. Lakini sebule nayo ina viti vyake. Ukishamwambia mgeni karibu, anaacha kupiga hodi. Anakaa, anangoja. Anayeitwa ndani ni mtoto, na anayefuata ni mtoto. Yule mzee atafia kwenye kiti chako, na kosa litakuwa lako. Nikaona heri aondoke mwenyewe."

"Sawa. Basi aondoke na kelele. King'ora si kipo? Ikifika hodi ya tatu kilie. Nasieli alikuwa chumba kimoja na mama mkwe wake, Mwalimu. Mpira uko mkononi mwake, na hajui."

"Nasieli alikuwepo," alisema taratibu. "Na hapo ukutani kwangu, Bi Matalanga yuko na nani?"

Niliutazama ukuta.

"Hodi ikiondoka mtu hajui chochote," aliendelea. "Hewa inapungua kidogo kidogo, usingizi unamchukua. Nimeona vifo vibaya, na hicho si kimojawapo. Wewe unataka kumwamsha. Unataka kumwambia, mashine imekuacha, tafuta mtu. Na mtu hayupo. Mikono ya mzee haina nguvu ya kujibinyia mwenyewe. Unampa nini hapo? Unampa nafasi ya kukisikiliza kifo chake."

"Kwa hiyo wenye watu wafe kimya ili wasio na watu wasiogope?"

"Sijapata jibu," alisema. "Nimelitafuta tangu siku ile. Kama unalo, niambie."

Nilikuwa na hasira tu, na kitambaa cheusi cha Nasieli. Nikasimama niondoke, akanishika mkono.

"Loema. Nilipopanga yale madaraja nilikuwa na umri kama wako. Wazee wa mwisho, niliona ni haki kabisa, sikukosa usingizi hata siku moja." Alinivuta karibu. "Nipandishe, mwanangu. Daraja moja tu. Nani atajua? Naogopa."

Laiti angenitukana. Mtu huyu niliyemheshimu kuliko baba yangu, ananiomba rushwa ya pumzi, na mimi nina uwezo wa kumpa kabla chai haijapoa. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga kofi, yote kwa pamoja.

"Ulinifundisha mwenyewe kwamba hapandi mtu bila mwingine kuzibiwa mlango," nilimwambia.

"Nilikufundisha nikiwa napumua mwenyewe."

"Siwezi, Mwalimu."

Aliuachia mkono wangu. Alitazama uji wake.

"Naweka king'ora," nilisema. "Na chako kikilia nitakuja mimi. Kwa miguu yangu. Hutakisikiliza peke yako."

"Utakuja," alisema, na sikujua kama ananiuliza.

*

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kikomo cha hodi tatu nilikiacha, maana Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu mafuriko ya hodi. Nilichofanya ni kwamba pafu likishaondoa ombi la tatu, lisinyamaze. Liwashe king'ora chake lenyewe, palepale kifuani, bila kukisumbua Kiini. Na nikaandika kwamba king'ora kinyamaze kwa mambo mawili tu. La kwanza, upepo ukitulia na Kiini kikipata nafasi ya kulipitia pafu hilo, kama kinavyoyapitia yote. La pili, kifua kikiacha kucheza.

Kitundu, kijana wa maneno machache niliyekuwa nikipokezana naye zamu, alisoma nyuma ya bega langu.

"Mtu akifa kwa nini kinyamaze?" aliuliza. "Si kiendelee, watu wajue?"

"Wafiwa nao wana masikio, Kitundu."

Alikubali shingo upande.

Kutangaza ndiko kulikonitoa jasho. Watu walijaa uwanja wa kituo, nikasimama kwenye ngazi na kipaza sauti kinachokwaruza, nikawaeleza. King'ora kikilia mfululizo, Kiini kimezidiwa, usisubiri, binya mpira, endelea kubinya mpaka pafu lingurume lenyewe. Baba mmoja akapaza sauti. Kwa hiyo siku zote mashine ilikuwa inachagua? Nikasema ndiyo. Inachagua nani? Nikasema. Loh! Nilitukanwa siku ile matusi mengine sikuwa nimewahi kuyasikia. Mama mmoja alitaka daraja la mwanawe libandikwe kwa maandishi. Mwingine akasema wazee wenye pensheni wapande. Jiwe likavunja kioo cha ofisi.

Aliyewanyamazisha ni Nasieli. Alipanda ngazi bila kunitazama, akanipokonya kipaza sauti.

"Mimi nilikuwa chumbani," alisema. "Nilikuwa nashona. Mkono wangu na mpira, hapa na hapa. Hamtaki kusikia, zibeni masikio yenu. Mimi ningetaka."

Alinirudishia kipaza sauti. Watu waliondoka mmoja mmoja, na jioni nikawasha kiendeshi kipya. Nilijiona nimefanya jambo la haki. Hata leo sisemi kwamba halikuwa la haki.

*

Upepo ule mkubwa ulikuja mchana, jua likiwa kichwani, na ghafla halikuonekana tena. Ukungu mweupe ulitoka ziwani ukaumeza mji. Kwenye skrini yangu hodi za watoto zilijaa kama mtama uliomwagwa, moja haijaisha nyingine ipo. Kiini kilikuwa kinafanya kazi yake barabara. Daraja la pili, daraja la pili, daraja la pili. Milango ya chini yake ilikuwa imezibwa yote.

Kisha nikakisikia king'ora cha kwanza, mbali, upande wa bomani. Cha pili kikadakia. Kitundu alinitazama.

"Nenda," alisema. "Mimi nipo."

Nilijifunga kanga mdomoni, nikakimbia. Jamani, sauti ile! Nilikuwa nimekijaribu king'ora kimoja mezani, hakikuwa na ubaya wowote. Sasa vilikuwa vinalia kila mtaa, vingine karibu, vingine mbali, na katikati ya kulia nikasikia watu wakiitana. Katika nyumba moja mlango ulikuwa wazi, nikaona wajukuu wamemzunguka babu yao, wanapokezana mpira, mkubwa anawahimiza wadogo, "Usiharakishe! Mfuate babu!" Babu yule alikuwa hai, anawatolea macho. Nilifurahi kiasi cha kujikwaa. Nyumba ya mbele yake king'ora kilikuwa kinalia na mlango umefungwa kwa ndani. Sikusimama. Nilikuwa na ahadi.

Mwalimu nilimkuta chini, mgongo kwenye kitanda, kidole kimekwama kwenye mpira. Alikuwa amejaribu. Alikuwa macho kabisa, king'ora kinampigia chini ya kidevu, na uso ule sitausahau. Nilipiga magoti nikaanza kubinya. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Rangi ilirudi midomoni.

"Umekuja," alisema kati ya pumzi.

"Si nilikwambia? Usiongee."

Sijui tulikaa muda gani hivyo. Vidole vilianza kufa ganzi, nikabadilisha mkono. Nilishaanza kuamini kwamba tutafika, mimi na yeye, wakati king'ora kilipolia upande wa pili wa ukuta.

Bi Matalanga.

"Mtu wa jirani!" nilipiga kelele. "Jamani, kuna mtu huko? Kuna mtu kwa bibi?"

Upepo ulinijibu. Kila aliyekuwa na mikono mtaani alikuwa nayo kifuani kwa mtu wake. Kisha ukuta ukagongwa. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kwa utaratibu, kama anavyogonga kila siku akileta uji. Halafu hakugonga tena, king'ora tu ndicho kilichoendelea.

"Mwalimu, nakuachia kidogo. Nimpe pumzi chache, nirudi."

Mkono wake ulinidaka kifundo cha mkono, sikujua bado ana nguvu zile.

"Usiende."

"Ni Bi Matalanga."

"Najua ni nani. Usiende, Loema. Ulisema utakuja."

Nilipiga hesabu. Ndiyo kazi niliyosomea, kupiga hesabu. Kutoka, kuzunguka ua katika vumbi lile, kufungua mlango ambao chumvi huugandisha kila msimu, kumfikia, kubinya, kurudi. Mwalimu asingengoja. Na nikikimbia huku na kule, muda wote utaishia njiani, nitawapoteza wote wawili. Kiini kinachogeuka kila kinapoitwa hakimhudumii mtu. Mwenyewe alinifundisha. Hesabu ilikuwa sahihi, nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na haijawahi kubadilika.

Lakini sikubaki kwa sababu ya hesabu. Nilibaki kwa sababu yeye ndiye niliyemshika, na mwingine alikuwa nyuma ya ukuta.

Kituoni, kuziba mlango ni kuandika tarakimu moja. Unaiandika huku unakunywa chai. Pale sakafuni niliziba kwa kuimba. Niliimba wimbo wa kanisani, wa utotoni, kwa sauti kubwa ya kukwaruza, ili nisikisikie king'ora, na bado nilikisikia. Mwalimu alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, mkono hauniachii. Nilimchukia. Haki ya Mungu nilimchukia mwalimu wangu, na nikaendelea kumpumulia.

Kisha upande wa pili king'ora kikanyamaza.

Niliacha kuimba. Mambo mawili tu, nilikuwa nimeandika mwenyewe. Ama Kiini kimemfikia, ama kifua kimeacha kucheza. Nilitega sikio nisikie pafu lake likivuma, lakini upepo ulikuwa bado unavuma, na kila kitu kilikuwa kinavuma.

*

Ulipotulia, ulitulia ghafla kama ulivyokuja. Pafu la Mwalimu lilitikisika, likanguruma, likaanza kusukuma lenyewe. King'ora chake kikakatika. Nikauachia mpira, vidole vyangu vikagoma kunyooka.

"Kimenyamaza mapema chake," Mwalimu alisema, bila kunitazama. "Pengine Kiini kilimfikia."

"Pengine."

"Daraja la nne huwa kinaanzia upande huu wa mji."

"Mwalimu, kilinyamaza upepo ukiwa umepamba moto."

Alijifunika uso kwa mikono yake miwili. Chini ya kitanda lilikuwepo bakuli la bibi, limeoshwa, linasubiri kurudishwa. Nililichukua. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuwa na sababu ya kwenda.

Nje kila kitu kilikuwa cheupe, na mji mzima kimya. Nilizunguka ua. Chumvi ilikuwa imejaa kwenye kizingiti cha Bi Matalanga, haina alama ya mguu.

"Hodi," nilisema.

Niliweka sikio mlangoni. Nikapiga ya pili kwa sauti zaidi, nikamwita jina. Ya tatu niliipiga kwa ngumi, bakuli likaniponyoka. Mimi nimelelewa vizuri kama mtu yeyote wa Msuha, na miguu yangu ilishaanza kugeuka yenyewe, irudi nilikotoka. Nikaizuia.

Nikapiga hodi ya nne. Hakujibu mtu, nikapiga ya tano.